Kupika akriliki ya meno bandia: mwongozo kamili wa kuivisha kitako hadi ndani

Kitako cha meno bandia, yaani ile sehemu ya plastiki inayoshika meno na kukaa juu ya fizi, kinaweza kutoka kwenye flaski, yaani kasha lenye ukungu wa plasta, kikiwa na rangi nzuri ya fizi, kikasuguliwa kikang'aa, na bado kikawa kibichi ndani. Jicho halitaona. Atakayeona ni mgonjwa: ulimi unawaka, fizi inakuwa nyekundu chini ya kitako, au ufa unatokea katikati ya kaakaa wakati anatafuna chakula laini tu. Nimefanya kazi hii miaka mingi, na kila nikiletewa kitako kilichovunjika bila kuanguka, huwa siulizi kwanza ni akriliki ya kampuni gani. Nauliza ilipikwaje.

Sisi mafundi husema "kupika" akriliki, na neno hilo linafaa kabisa, kwa sababu kuna kuiva na kuna kutoiva. Mwongozo huu ni wa fundi wa maabara ya meno, mwanafunzi anayeanza kushika flaski, na daktari wa meno anayetaka kujua ni kitu gani anakiweka kinywani mwa mtu.

Kinachotokea ndani ya flaski

Akriliki ya vitako, kwa jina lake la kikemia polimethili methakrileti, iliingia katika kazi hii mwaka 1937 na kuchukua nafasi ya mpira mgumu uliotumika tangu karne ya 19. Huja kama unga na kimiminika. Unga ni chembe za mviringo za plastiki ambayo tayari imeshaiva kiwandani, pamoja na rangi na benzoili peroksaidi kidogo, ambayo ndiyo kianzishi, yaani kinachoanzisha mmenyuko. Kimiminika ni methili methakrileti, yaani monoma, yenye haidrokwinoni kidogo ya kuizuia isigande chupani, na kiungo cha kufunga minyororo ya plastiki pamoja ili kitako kisipate nyufa upesi.

Kwa hiyo unachopika hasa ni karibu theluthi moja ya mchanganyiko. Chembe za unga zimeshaiva. Monoma inayozizunguka ndiyo inayogeuka kuwa plastiki na kuzishika, kama chokaa inavyoshika mawe ukutani. Chokaa isipokauka, ukuta hauna kazi hata mawe yawe magumu kiasi gani.

Shika namba mbili. Peroksaidi huanza kuvunjika kwa kasi joto likipita 60 °C, na hapo ndipo mnyororo wa plastiki unapoanza. Monoma nayo huchemka juu kidogo tu ya 100 °C. Mmenyuko wenyewe unatoa joto lake, kwa hiyo ndani ya donge joto linaweza kupanda kuliko maji yanayoizunguka flaski. Kazi yote ya kupika ni kuivisha monoma kabla haijapata nafasi ya kuchemka.

Unatafuta nini mwishoni

Kiwango cha kimataifa ISO 20795-1 kimeweka mipaka ambayo fundi anapaswa kuijua. Kwa akriliki ya kupikwa kwa joto, monoma iliyobaki isizidi 2.2% ya uzito. Kwa ile inayojigandisha yenyewe, isizidi 4.5%. Nguvu ya kuhimili mpindo isipungue MPa (megapaskali) 65 kwa ya joto na MPa 60 kwa ya kujigandisha. Ufyonzaji wa maji usizidi mikrogramu 32 kwa kila milimita moja ya ujazo.

Usizione namba hizi kama mambo yasiyohusiana. Monoma iliyobaki inalainisha plastiki kutoka ndani, kwa hiyo inashusha nguvu. Inatoka polepole kwenda kwenye mate, kwa hiyo inawasha utando wa kinywa na kuacha nafasi ambamo maji yanaingia. Vitundu vya hewa vinafanya kitako kishike uchafu na fangasi, na kila kitundu ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Ukiivisha vizuri, yote yananufaika pamoja.

Hatua ya 1: kabla ya moto

Pima unga na kimiminika. Uwiano wa kawaida ni vipimo 3 vya unga kwa kipimo 1 cha kimiminika kwa ujazo, lakini maelezo ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Sababu ya kupima ni ya hesabu. Monoma tupu ikigeuka plastiki hupungua ujazo kwa karibu 21%. Kwa kuwa monoma ni theluthi ya mchanganyiko (si robo, kwa sababu unga unaopimwa una hewa kati ya chembe zake), upungufu unashuka hadi karibu 7%. Kila tone unalozidisha kwa sababu mchanganyiko unaonekana mkavu linarudisha upungufu huo juu. Ukipunguza kimiminika kupita kiasi, nako chembe hazilowani zote, na kitako kinatoka na mabaka meupe yenye chenga.

Changanya kwenye chombo cha kioo au kauri chenye kifuniko, kisha subiri. Mchanganyiko utapita hali ya mchanga uliolowa, halafu utavuta nyuzi ukiugusa na spatula, halafu utakuwa donge lisilogandamana na kuta za chombo. Hapo ndipo pa kushindilia. Ukiwahi ukiwa bado unavuta nyuzi, hautashika shinikizo. Ukichelewa ukawa kama mpira, hautajaza kona za ukungu na utasogeza meno.

Paka dawa ya kutenganisha ya alginati kwenye plasta yote, lakini isiguse shingo za meno. Plasta isiyopakwa hupitisha maji kwenye akriliki na kuacha mabaka meupe na nyufa ndogo. Funga flaski kwa majaribio, ukiweka karatasi ya plastiki katikati, kata kinachozidi, rudia hadi kisizidi kitu, ndipo ufunge kabisa kwa klampu.

Na tafadhali linda mikono na mapafu yako. Monoma hupenya glavu za mpira wa kawaida, mvuke wake unawaka moto kirahisi, na fundi akishapata mzio wa ngozi kwa monoma anaweza kulazimika kuiacha kazi hii. Chumba kiwe na hewa inayopita, na mshumaa wa kulainishia nta uwe mbali.

Hatua ya 2: kupika kwa maji, njia ambayo ningemfundisha kila anayeanza

Kitako kimoja kina sehemu nene na sehemu nyembamba, na sehemu hizi mbili zinataka moto tofauti. Ukielewa hili, umeelewa ratiba zote za kupika.

Sehemu nene, kama tuta la kitako cha chini, ina monoma nyingi mahali pamoja. Mmenyuko ukianza, joto lake linafungiwa, kwa kuwa akriliki na plasta hazipitishi joto vizuri. Ukiitumbukiza flaski moja kwa moja kwenye maji yanayochemka, kiini cha sehemu hiyo kinapita kiwango cha kuchemka kwa monoma, mvuke unashindwa kutoka, na unapata vitundu ndani kabisa ambavyo msasa hauwezi kuvifikia. Sehemu nyembamba, kama kaakaa, ni kinyume chake: monoma ni kidogo, joto linalozalishwa linanyonywa mara moja na plasta, na katika 70 °C peke yake kwa muda mfupi itabaki mbichi.

Ndiyo maana ratiba nzuri ina ngazi mbili. Anza na flaski kwenye maji ya joto la kawaida la chumba, panda taratibu hadi 74 °C, kaa hapo saa 2, kisha chemsha kwa saa 1. Ngazi ya kwanza inaivisha sehemu nene bila kuichemsha. Ngazi ya pili inamalizia sehemu nyembamba, na wakati huo sehemu nene haina tena monoma ya kutosha kuleta hatari. Ukiwa na usiku mzima, saa 8 au zaidi kwenye 74 °C zinafanya kazi nzuri hata bila mchemko, ingawa mimi bado humalizia kwa mchemko, kwa sababu kinachoishusha monoma iliyobaki kuliko kingine chochote ni muda wa kutosha karibu na 100 °C. Ratiba ya saa 7 kwenye 70 °C ikifuatwa na saa 3 za mchemko ni miongoni mwa zinazoacha monoma kidogo zaidi. Akriliki iliyopikwa hivi kwa uangalifu hubakiwa na kati ya 0.2% na 0.5% tu.

Zipo akriliki zilizotengenezwa ili zitumbukizwe moja kwa moja kwenye maji yanayochemka kwa dakika 20 hivi. Vianzishi vyake vimepangwa kwa kazi hiyo. Usichukue ratiba yake ukaipa akriliki nyingine.

Mambo matatu yanayowaponyoka wengi. Kwanza, hesabu muda tangu maji yalipofika kwenye joto ulilotaka, sio tangu ulipowasha mashine. Pili, weka kipimajoto ndani ya maji, kwa sababu kitufe cha mashine kuukuu kinaweza kukudanganya kwa nyuzi kadhaa. Tatu, ukiwa mahali palipoinuka sana, maji yako hayafiki 100 °C: kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari huchemka karibu 95 °C, na kwenye mita 2,000 karibu 93 °C. Huko ngazi ya mchemko inahitaji kurefushwa.

Hatua ya 3: kupoza

Kupoza ni sehemu ya kupika, na hapa ndipo haraka inapoharibu kazi ya saa nyingi. Akriliki iliyoiva kwa joto inakuwa ngumu kabisa inaposhuka chini ya takriban 105 °C. Kuanzia hapo hadi 20 °C hunywea kwa urefu karibu sehemu 81 kwa milioni kwa kila nyuzi moja. Zidisha kwa nyuzi 85 na utapata karibu 0.7%. Kwenye kaakaa la upana wa milimita 60 hiyo ni karibu milimita 0.4, kama lingeachwa huru. Lakini haliko huru. Limeshikwa na plasta inayonywea kidogo kuliko akriliki. Tofauti hiyo inabaki ndani ya kitako kama mkazo, ikingoja siku utakapokifungua au siku mgonjwa atakapokiweka kwenye maji ya moto.

Toa flaski kwenye maji, iache mezani dakika 30 bila kuigusa, kisha izamishe kwenye maji ya bomba dakika 15 kabla ya kufungua. Kuiacha ipoe usiku kucha ndani ya maji yaleyale ni bora zaidi. Flaski iliyotolewa kwenye mchemko na kutiwa kwenye maji baridi hutoa kitako kinachocheza mdomoni, chenye nyufa za nywele kuzunguka shingo za meno ya kauri.

Akriliki inayojigandisha yenyewe

Hapa kimiminika kina amini, kiungo cha kikemia ambacho huivunja peroksaidi bila moto. Mmenyuko haufiki mbali kama ule wa joto, na ndiyo maana monoma inayobaki ni kati ya 3% na 5% mwanzoni, mara kumi ya ile ya maji. Nguvu ni ndogo zaidi, na amini hugeuka rangi kadiri miaka inavyokwenda, kwa hiyo kitako huelekea umanjano.

Hata hivyo njia hii ina sifa moja ambayo wengi huisahau: kitako hukaa vizuri kwenye modeli, yaani nakala ya plasta ya kinywa. Sababu tumeshaiona kwenye hesabu ya kupoza. Ikigandia kwenye 45 °C, inashuka nyuzi 25 tu hadi joto la chumba, na kunywea kwake kwa baridi ni kama 0.2%. Ndiyo chaguo sahihi la kuunganisha kitako kilichovunjika, kwa sababu ukirudisha kitako cha zamani kwenye mchemko mikazo yake italegea na umbo litapotoka. Inafaa pia kwa vifaa vya kunyoosha meno na kwa vitako vya muda.

Usiiache igandie mezani. Itie kwenye chungu cha shinikizo chenye maji ya karibu 45 °C, kwa shinikizo la takriban baa 2, dakika 15 hadi 20. Shinikizo linabana vitundu, joto linasukuma mmenyuko mbele. Ukimaliza, ilaze kwenye maji ya 50 °C kwa saa 1: monoma nyingine inatoka, nyingine inaiva.

Maikrowevu

Wazo hili lilianza kujaribiwa Japani mwaka 1968. Mawimbi huitikisa monoma yenyewe, kwa hiyo joto huzaliwa ndani ya donge badala ya kungoja kupita kwenye plasta. Monoma inavyopungua, nayo inapokea nishati kidogo zaidi. Mmenyuko unajipunguza wenyewe kwa kiasi fulani. Ikifanywa sawasawa, nguvu na monoma iliyobaki hulingana na za kupika kwa maji, na dakika zinachukua nafasi ya saa.

Flaski iwe ya plastiki iliyoimarishwa kwa nyuzi za kioo. Flaski ya chuma haipitishi mawimbi. Tumia akriliki iliyotengenezwa kwa ajili ya maikrowevu. Ratiba inayojulikana ni dakika 3 kwa wati 500, lakini wati zilizoandikwa kwenye mlango si lazima ziwe wati zinazofika ndani. Zipime: weka lita 1 ya maji, washa sekunde 60, koroga, soma kipimajoto. Kila nyuzi 1 iliyopanda ni takriban wati 70, kwa hiyo kwa wati 500 utegemee kupanda kwa nyuzi 7. Ukiona 10, punguza. Vitako vinene sana siipi maikrowevu. Hatari ya vitundu kwenye sehemu nene ni ileile ya mchemko wa ghafla.

Mwanga, na njia za kompyuta

Akriliki ya mwanga huja kama bamba laini. Ina yurethani daimethakrileti badala ya methili methakrileti, na kianzishi chake huamshwa na mwanga wa buluu wa kati ya nanomita 400 na 500. Mwanga haupenyi mbali, hivyo jenga kwa tabaka na ugeuze kazi ili upande wa ndani nao umulikwe. Oksijeni ya hewani huzuia uso kuiva, kwa hiyo paka jeli ya kuzuia hewa kabla ya awamu ya mwisho. Mgonjwa mwenye mzio wa methili methakrileti anaweza kunufaika, ila apimwe na daktari kwanza, kwa kuwa baadhi yao huwa na mzio wa jamii nzima ya methakrileti.

Vitako vinavyochongwa kwa mashine hutoka kwenye kibamba kilichoivishwa kiwandani kwa joto na shinikizo kubwa. Kunywea kulishamalizika kabla ya kuchonga, na ndiyo maana vinakaa vizuri na vina monoma kidogo. Vya printa ya 3D ni habari nyingine: vikitoka kwenye printa havijaiva. Vioshe utomvu uliobaki, vikaushe, kisha uvimulike kwenye kisanduku cha mwanga kwa muda wote uliotajwa na mtengenezaji. Anayekata muda huo anarudi kwenye kosa lilelile la kitako kibichi, safari hii kwa mashine ya bei kubwa.

Hatua ya 4: kumalizia bila kuharibu

Sugua ukiwa na maji na kasi ndogo. Joto la gurudumu la kusugulia linaweza kulegeza kingo nyembamba zikajikunja. Usisafishe kwa pombe, kwani inafungua nyufa za nywele mahali penye mkazo. Kisha laza kitako kwenye maji ya 37 °C, au ya joto la chumba ukikosa kifaa, kwa siku 1 hadi 2 kabla ya kumpa mgonjwa. Monoma ya usoni inatoka ndani ya maji badala ya kutoka mdomoni, na kitako kinafyonza maji na kutanuka kidogo, jambo linalorudisha sehemu ndogo ya kile kilichonywea.

Jipimie mwenyewe

Huhitaji maabara ya utafiti. Tengeneza kipande cha ngazi chenye unene wa milimita 2, 5, 10 na 15, kipike kwa ratiba yako ya kila siku, kisha kikate katikati kwa urefu na ukisugue. Tengeneza kingine ukipike kwa ngazi mbili. Viweke mbele ya mwanga. Mara ya kwanza nilipofanya hivi nilikuta ngazi ya milimita 15 imejaa vitundu, na nilikuwa nimetumia ratiba ile kwa vitako vya chini mwaka mzima.

Ukiwa na mashine ya kuvunjia, kata vipande vya milimita 64 kwa 10 kwa 3.3, viloweshe kwenye maji ya 37 °C kwa saa 50, uvipinde vikiwa juu ya nguzo mbili zilizoachana milimita 50. Hivyo ndivyo kiwango cha ISO kinavyotaka, na utaweza kulinganisha namba zako na MPa 65.

Kusoma kosa kwenye kitako kilichorudi

Vitundu vilivyo ndani ya sehemu nene pekee: joto lilipanda haraka mno. Vitundu vilivyotawanyika kila mahali, hata penye wembamba: shinikizo halikutosha, au donge lilishindiliwa kabla ya wakati. Chenga nyeupe: unga haukulowa. Nyufa za nywele shingoni mwa meno: kupoza kwa ghafla, pombe, au maji ya plasta. Harufu kali ya monoma ukikivunja, pamoja na mvunjiko unaopinda kidogo kabla ya kukatika: hakikuiva.

Kwa kosa hili la mwisho, wapo wanaojaribu kukiokoa kitako kwa kukichemsha tena nje ya flaski. Kitapungukiwa monoma, ndiyo, lakini kitapotoka na hakitakaa tena kwenye fizi. Maji ya 50 °C yatapunguza muwasho kwa mgonjwa anayesubiri. Wakati huo chukua alama mpya ya kinywa, mwaga modeli mpya, na upike upya kwa ngazi mbili.